Tiba ya mawimbi ya sauti "bila kisu": joto la ndani linapimwaje?

Matangazo ya tiba "bila kisu, bila damu" yamekuwa mengi kwenye simu zetu. Moja linasema uvimbe wa kizazi unaunguzwa kwa mawimbi ya sauti na mwanamke anarudi nyumbani siku hiyohiyo. Jingine linasema saluni inakaza ngozi ya uso kwa mashine ya HIFU. Wakati huohuo, mama mjamzito anaambiwa kliniki akapime altrasaundi, anasikia kwamba nayo ni mawimbi ya sauti, na anajiuliza: kama mawimbi haya yanaunguza uvimbe, mtoto wangu tumboni yuko salama?

Swali hilo ni la haki, na wauguzi tunalisikia mara kwa mara. Ukurasa huu unalijibu kwa kufuata kitu kimoja tu, yaani joto: linatoka wapi, linapimwaje, na nani anawajibika kulipima kabla ya mashine kugusa mwili wako.

Kwa ufupi

- Altrasaundi ya kliniki na HIFU zote hutumia mawimbi ya sauti, lakini nguvu zake zinapishana mno.
- Joto la HIFU hutokea ndani ya mwili. Huwezi kuliona, na mara nyingi ngozi ya juu haionyeshi chochote.
- Wataalamu hutumia mwanga kupima joto hilo maabara, kabla mashine haijafika kwa mgonjwa. Ndani ya mwili mwanga haufiki mbali, kwa hiyo hospitali inahitaji njia nyingine.
- Usiikimbie altrasaundi ya ujauzito inayofanywa na mtaalamu. Ihoji mashine yoyote inayotia joto mwilini kama anayeitumia hawezi kukueleza joto linapimwaje.

Sauti inapataje kuunguza?

Huenda umewahi kuona watoto wakichezea kioo cha kukuzia juani. Mwanga wa jua ukianguka kwenye karatasi kawaida, karatasi haipati shida. Ukipitishwa kwenye kioo kile, mionzi inakutana sehemu moja ndogo na karatasi inatoboka. Jua ni lilelile. Kilichobadilika ni kukusanywa kwake.

HIFU inafanya hivyohivyo kwa sauti. Mawimbi ambayo sikio haliyasikii hutoka kwenye kifaa kilichopinda kama bakuli, yanapita kwenye ngozi yakiwa yametawanyika, kisha yanakutana ndani ya mwili katika sehemu ndogo kama punje ya mchele. Hapo ndipo nyama inapata moto. Pembeni mwa sehemu hiyo, joto linatakiwa kubaki dogo.

Tofauti na kipimo cha kliniki ni kubwa. Nchini Marekani, mamlaka ya chakula na dawa, FDA, imeweka kikomo cha nguvu ya mashine za kupimia: wastani wa miliwati 720 kwa sentimita moja ya mraba. HIFU ya kutibu uvimbe inaweza kufikisha zaidi ya wati 1,000 kwa eneo hilohilo, pale mawimbi yanapokutana. Hiyo ni zaidi ya mara elfu moja. Kuziita zote "altrasaundi" ni sawa na kuita mshumaa na tanuru la mkaa "moto". Si uongo, lakini hakuna anayevitumia kwa namna moja.

Joto na muda vinahesabiwa pamoja

Ukimpeleka mtoto chanjo, unaweza kuona kwenye chupa alama ndogo ya mraba ndani ya duara. Mraba huo hubadilika rangi kadiri chupa inavyokaa kwenye joto. Joto kali huubadilisha haraka, joto dogo huubadilisha polepole, na ukishabadilika haurudi. Muuguzi akiona mraba umefikia rangi ya duara, chupa hiyo haitumiki tena.

Nyama ya mwili nayo huumia kwa hesabu inayofanana. Wataalamu hutumia nyuzi joto 43 kama kipimo cha kulinganishia. Kwa kawaida wanahesabu kwamba nyama ikikaa kwenye joto hilo kwa dakika 240, seli zake hufa. Kila joto linapopanda kwa nyuzi moja, muda unaohitajika hupungua kwa nusu. Kwenye nyuzi 44 ni dakika 120, kwenye nyuzi 46 ni dakika 30, kwenye nyuzi 50 ni kama dakika 2 tu. Ikifika nyuzi 56, ni kama sekunde 2.

Shika hesabu hiyo, kwa sababu ndiyo kiini cha jambo lote. Kosa la nyuzi chache tu linaweza kuwa tofauti kati ya uvimbe uliokufa na uvimbe uliopashwa moto bure. Na joto likianguka pembeni kwa sentimita moja au mbili, linaweza kukuta utumbo, ngozi au mshipa wa fahamu unaokwenda mguuni.

Mwanga unavyosaidia kuliona joto

Basi joto hilo linapimwaje? Mtu angefikiri jibu ni kuchoma kipimajoto cha chuma pale mawimbi yanapokutana. Shida ni kwamba waya wa chuma ukikaa katikati ya mawimbi, mawimbi yanausugua na wenyewe unapata joto la ziada. Unaposoma namba, hujui ni joto la nyama au la waya. Ndiyo maana maabara nyingi hutumia mwanga. Njia zake ni kadhaa, na karibu zote zina mfano katika maisha yetu ya kila siku.

*Jeli inayogeuka nyeupe.* Ukivunja yai kwenye kikaango, ute unaopitisha mwanga unageuka mweupe ukipata moto. Watafiti hutengeneza jeli angavu na kuichanganya na protini, mara nyingi ya damu ya ng'ombe. Mashine ya HIFU ikipiga ndani ya jeli, sehemu iliyoungua inageuka nyeupe. Unaona kwa macho moto umeanguka wapi, una umbo gani, na kama umemwagika nje ya mahali uliposhauriwa uende.

*Mwanga unaopinda.* Mchana wa jua kali, hewa juu ya barabara ya lami huonekana kama inacheza, na mbali unaona kama maji. Mwanga hupinda unapopita kwenye hewa yenye joto tofauti. Ndani ya jeli au maji ni hivyohivyo. Watafiti huweka picha yenye nukta nyuma ya jeli, wanaipiga picha kabla na baada ya kupasha, kisha kompyuta inapima nukta zimesogea kiasi gani. Kutokana na kusogea huko wanakokotoa joto, bila kugusa chochote.

*Karatasi inayobadilika rangi.* Kuna vibandiko vya kupima homa vinavyowekwa kwenye paji la uso la mtoto na kubadilika rangi kufuata joto. Karatasi za aina hiyo zikiwekwa kwenye njia ya mawimbi huonyesha ramani ya joto kwa rangi.

*Kamera ya joto.* Kile kipimajoto cha kuelekeza kwenye paji la uso, tulichokizoea tangu wakati wa korona, husoma mionzi ya joto inayotoka kwenye ngozi. Kamera ya joto inafanya kazi hiyo kwa eneo zima. Lakini inasoma uso wa kitu tu. Kilicho chini yake haikioni.

*Uzi wa kioo.* Ule mkongo unaopitisha intaneti ni nyuzi nyembamba za kioo zinazosafirisha mwanga. Nyuzi za aina hiyo zinaweza kutengenezwa kuwa vipimajoto: mwanga unaingia, unarudi ukiwa umebadilika kidogo, na mabadiliko hayo yanataja joto la ncha ya uzi. Uzi huu hausumbuliwi na sumaku ya mashine ya MRI, na hausumbuliwi na mawimbi kama chuma kinavyosumbuliwa. Nao si mkamilifu, kwa maana ukivikwa plastiki, plastiki hiyo huweza kupata joto lake. Kwa hiyo watafiti hulinganisha njia mbili au tatu kabla ya kuamini namba.

Kwa nini mwanga hautoshi ukiwa kitandani hospitali

Usiku, zima taa na uweke kidole juu ya tochi ya simu. Utaona wekundu tu, wala huoni mfupa. Mwanga unaingia mwilini kidogo, unatawanyika na kunywewa na damu. Kama hauwezi kupita vizuri kwenye kidole, hauwezi kwenda kusoma joto la uvimbe ulio sentimita 8 ndani ya tumbo.

Kwa hiyo njia za mwanga zina kazi maalumu: kuikagua mashine nje ya mwili. Zinathibitisha kwamba ukiiambia ipige hapa, inapiga hapa, na ukiiambia nguvu hii, inatoa nguvu hii. Mashine huchakaa kama chombo kingine chochote, na kichwa cha kutolea mawimbi kikipungua ubora, skrini bado inaweza kuwaka vizuri.

Wakati wa tiba yenyewe kuna njia kuu mbili. Ya kwanza ni MRI, inayoweza kukadiria joto ndani ya mwili kwa usahihi wa kama nyuzi moja, kila baada ya sekunde chache. Ya pili hutumia picha za altrasaundi ya kawaida kumwongoza daktari. Hapo haonyeshwi namba ya joto moja kwa moja. Anaangalia jinsi sehemu iliyopigwa inavyobadilika weupe kwenye picha, na anasikiliza mgonjwa anasemaje.

Njia ya pili imeenea sana China, na wanawake wengi wametibiwa kwayo. Gharama yake ni ndogo kuliko ya MRI, na hilo lina maana kubwa kwetu, ambako mashine za MRI ni chache na ziko mijini. Lakini kuna mzigo unaohama. Kama hakuna kipimajoto wakati wa tiba, basi ukaguzi wa mashine kabla ya tiba na uzoefu wa mikono ya daktari vinabeba uzito zaidi. Ukikutana na huduma ya aina hii, hapo ndipo pa kuuliza.

Kama una fibroidi

Fibroidi ni uvimbe wa kwenye mfuko wa uzazi ambao kwa kawaida si saratani. Sisi wanawake weusi unatupata zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2003 ulikadiria kwamba kufikia umri wa miaka 50, zaidi ya asilimia 80 ya wanawake weusi wa huko wanakuwa nao, wengi bila kujua. Wengine hawasumbuki kabisa. Wengine hutokwa damu nyingi hadi wanaishiwa damu, au wanapata maumivu na shida ya kupata mimba.

FDA iliidhinisha mashine ya kwanza ya kutibu fibroidi kwa mawimbi haya chini ya MRI mwezi Oktoba 2004, kwa wanawake waliokuwa wamemaliza kuzaa. Mgonjwa hulala kifudifudi ndani ya MRI, tiba huchukua saa kadhaa, na kila pigo huwa la sekunde chache. Daktari huanza na nguvu ndogo aone joto linaanguka wapi, ndipo anapandisha. Mgonjwa anashika kitufe cha kusimamisha mashine akiona maumivu makali. Ni tiba ya kweli, si uganga. Ila yapo mambo ambayo tangazo halitakuambia:

- Si kila fibroidi inafaa. Ukubwa, idadi na mahali ilipo ndivyo vinavyoamua.
- Kovu la upasuaji wa kujifungua linaweza kunyonya joto na ngozi ikaungua. Mwambie daktari, hata kama upasuaji ulikuwa miaka 15 iliyopita.
- Madhara yanayojulikana ni kuungua ngozi, kuumia utumbo, na ganzi au maumivu ya mguu kutokana na mshipa wa fahamu.
- Uvimbe unabaki ndani, unasinyaa taratibu. Hakuna kipande cha nyama kinachopelekwa maabara, kwa hiyo lazima daktari ajiridhishe mapema kwamba si saratani.
- Kama bado unataka mtoto, lizungumzeni hilo kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna pia dawa, upasuaji wa kutoa uvimbe na kubakiza kizazi, na upasuaji wa kutoa kizazi. Hofu ya kisu inaeleweka. Lakini usikae na damu nyingi mwaka mzima ukisubiri kupata fedha za tiba uliyoiona kwenye tangazo. Upungufu wa damu hausubiri.

HIFU ya saluni

Hapa ndipo wasiwasi wangu ni mkubwa. Mashine za kukaza ngozi hupiga milimita chache tu chini ya ngozi, na zinalenga joto la nyuzi 60 hadi 70. Marekani iliruhusu ya kwanza mwaka 2009, kwa kuinua nyusi. Leo zipo mashine za kila namna zinazouzwa mtandaoni, na yeyote mwenye fedha anaweza kuagiza.

Jiulize, hapo saluni nani anapima joto? Ngozi ya juu inaweza kuhisi uvuguvugu tu huku chini ikifikia nyuzi 65. Hakuna MRI. Mara nyingi hakuna jeli ya kukagulia, wala mtu anayejua mishipa ya fahamu ya uso inapita wapi. Wote mnategemea namba iliyoandikwa kwenye skrini na kiwanda ambacho huenda hamkijui.

Japani imekwisha kupitia hali hii. Mwezi Machi 2023, tume ya nchi hiyo inayochunguza ajali za watumiaji wa bidhaa na huduma ilitoa ripoti kuhusu HIFU za saluni: watu walioungua, waliopata shida ya mishipa ya fahamu, hata walioathirika macho. Juni 2024 wizara ya afya ya huko ikatamka kwamba kumpiga mtu HIFU ni kazi ya tabibu, na asiye daktari akiifanya anavunja sheria. Kwa maoni yangu uamuzi huo ulikuwa sahihi, na nchi zetu hazina haja ya kusubiri ziumizwe kwanza ndipo zijifunze. Hapa Tanzania vifaa tiba husimamiwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Una haki ya kuuliza kama mashine inayoelekezwa kwenye uso wako inatambuliwa nao.

Kama wewe ni mjamzito

Sasa turudi kwa mtoto. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2016, linashauri kila mjamzito apate altrasaundi angalau moja kabla ya wiki 24. Inasaidia kujua umri wa mimba, kama ni mapacha, na kama kuna tatizo la kimaumbile. Tafadhali usiikose kwa sababu ya hofu ya HIFU.

Mashine nyingi za kisasa huonyesha kwenye skrini herufi TI na namba. Namba hiyo ni makadirio ya joto linaloweza kuongezeka: TI ya 1 ina maana ya takriban nyuzi moja katika mazingira yaliyokadiriwa. Ni hesabu ya mashine, si kipimajoto, na ndiyo maana mtaalamu haiachi ipande ovyo. Shirikisho la kimataifa la wataalamu wa altrasaundi, WFUMB, linasema ongezeko lisilozidi nyuzi 1.5 halina sababu ya kuzuia kipimo, ila joto la mtoto likipanda kwa nyuzi 4 kwa dakika 5 au zaidi, hilo linaweza kuwa hatari. Kipimo cha kawaida kinachofanywa vizuri hakifiki huko.

Kinachohitaji uangalifu zaidi ni dopla, inayopima mwendo wa damu, hasa mimba ikiwa changa. Wataalamu hushauri TI isizidi 1 na muda uwe mfupi. Kwa sababu hiyo hatushauri vipimo vya kujifurahisha, vya kukaa muda mrefu kutafuta sura ya mtoto, wala vifaa vya kununua ili kusikiliza mapigo nyumbani kila jioni. FDA ilitoa onyo kuhusu mambo hayo mwaka 2014. Kifaa cha nyumbani kina hatari nyingine pia: mama husikia mlio, anatulia, kumbe mtoto amepunguza kucheza na alitakiwa awe hospitali.

Na kama ni joto linalokutia hofu, anza na homa. Homa kali hupasha mwili mzima kwa saa nyingi, mtoto akiwemo. Ukipata homa ukiwa mjamzito, nenda ukapime malaria na maambukizi mengine siku hiyohiyo. Usisubiri kesho.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulala kitandani

Mtaalamu mzuri hatakasirika ukimuuliza haya:

1. Mashine hii ni ya kupimia au ya kutibu kwa joto?
2. Joto linafuatiliwaje wakati wa tiba: kwa MRI, kwa picha za altrasaundi, au halifuatiliwi?
3. Mashine ilikaguliwa lini, na cheti cha ukaguzi kiko wapi?
4. Nani ataiendesha, na amesajiliwa na baraza gani?
5. Nikisikia maumivu makali, tunasimamishaje?
6. Nikipata tatizo usiku, nampigia nani?

Kama jibu la swali la pili ni "usiwe na wasiwasi", au unaonyeshwa picha za wateja wengine badala ya maelezo, chukua mkoba wako uondoke. Hujamkosea mtu heshima.

Nenda hospitali haraka iwapo, baada ya HIFU ya aina yoyote, utapata:

- malengelenge, ngozi kuwa nyeupe au ngumu, au kidonda
- maumivu ya tumbo yanayozidi, homa, au kutapika
- ganzi au udhaifu wa mguu
- uso kuvutika upande mmoja, au mdomo kushindwa kufunga vizuri
- macho kuuma, kuwa mekundu, au kuona ukungu

Wahudumu wakikuuliza ulifanyiwa nini, waambie ukweli wote, pamoja na jina la mashine kama unalijua. Hakuna atakayekugombeza, na usipoficha tutajua mapema pa kuangalia.

Joto hili ni dawa pale linapoangushwa mahali pake, kwa kipimo, na mtu anayeweza kulithibitisha. Kabla ya kulipia, muulize anayekuuzia: unalipimaje?